Kadi za Meza Moya

Mama Yuditi alifariki Jumanne, na aliyenipigia simu ni Natalia, binti wa mzee Kalenga. Hakuzunguka. Alisema bibi amekwenda, mazishi ni Alhamisi, kilio kiko nyumbani kwao. Nikamuuliza nyumba iko wapi, naye akanielekeza taratibu, kona kwa kona, kama anavyoelekezwa mgeni aliyeshuka leo kutoka Kolwezi. Nilimwacha amalize. Nyumba ile naijua. Iko Katuba hii hii ninamokaa, barabara nne kutoka mlangoni kwangu, na kwa miaka kumi na mitano nilijua kwamba Mama Yuditi anaishi ndani yake. Sikuwahi kwenda. Leo ni Jumatano. Kabla sijajifunga kitenge na kwenda kukaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, nataka niandike habari za mwaka mmoja, ule niliokuwa na miaka ishirini na minne, maana nikifika kule kutakuwa na nyimbo na machozi, na mtu akishalia vizuri hujisamehe upesi mno.

Mwaka ule nilipata kazi kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikuwa nimemaliza shule, nimekaa nyumbani bila shughuli, nikiandikia majirani barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe sikuzipata. Barua moja ikaangukia mikononi mwa Maître Donatien, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitafuta mtu wa kuandika kadi za makumbusho. Herufi zangu zilikuwa za duara, zimesimama sawasawa, na mtu mwenye mwandiko mzuri hujiona ana akili kuliko alivyo. Maître alinitazama kwa furaha kama fundi aliyepata randa nzuri, akaniambia nifungashe nguo za miezi michache. Makumbusho yenyewe yalikuwa kijijini kwake alikozaliwa, ndani ya pori upande wa njia ya Kasomeno, na kijiji kiliitwa Meza Moya, yaani meza moja.

Jina lile halikuwa la mapambo. Mababu wa watu wale walikuwa wameacha kambi za wafanyakazi wa migodi na reli zamani sana, wakafuata mhubiri mmoja aliyewaambia kwamba Mungu anakaa ndani ya kila mtu, kwa hiyo ukimwelekezea mtu bunduki unamwelekezea Mungu. Walichoma magobori yao yote kwa siku moja. Kisha wakaamua kwamba shamba ni moja, ghala ni moja na jiko ni moja. Nilipofika mimi, nyumba zilikuwa kumi na saba na hakuna hata moja iliyokuwa na mafiga. Moshi ulitoka mahali pamoja tu, kwenye jengo refu la matofali ya udongo lililokuwa katikati, na ndani yake kulikuwa na meza iliyounganishwa kwa mbao nyingi mpaka ikagusa kuta zote mbili. Asubuhi, kabla ya uji, kila mtu alimgeukia jirani yake na kumwinamia, mtoto kwa mzee na mzee kwa mtoto, bila kusema neno. Mara ya kwanza bibi mmoja aliponiinamia mimi, msichana wa Katuba mwenye viatu vya kukopa, sikujua niweke wapi uso wangu.

Aliyetawala jiko lile ni Mama Yuditi. Alikuwa na miaka kama sitini, mfupi, mikono myeusi ya masizi mpaka kwenye viwiko, na sauti ya chini kiasi kwamba watu walinyamaza ili wamsikie. Aliletwa pale akiwa mtoto mchanga asiye na jamaa, hakuolewa, hakuzaa, na hakuna aliyewahi kuona jambo hilo kuwa upungufu. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Mimi nililala humo humo, kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na kabla ya jua kuchomoza nilikuwa nikimsikia akiamka, akigonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa chungu kikubwa cha chuma, akianza kusonga. Bukari yake, ugali wa kwetu, ilikuwa laini na nzito. Tulikula na maharage, na mboga ya lengalenga, na siku za heri samaki wakavu wa Kasenga, lakini hatukula nyama ya mnyama aliyepigwa risasi. Watoto walipakuliwa kwanza. Yeye aliketi mwisho, akala kilichobaki, na sikuwahi kumwona akitazama sahani ya mtu.

Wazo la makumbusho Maître Donatien alilipata kwenye kitabu. Mgeni mmoja wa Kanada alikuwa amemwachia kijitabu chembamba chenye picha za watu wanaoitwa Waduhobori, Warusi waliochoma silaha zao na kukimbilia nchi ya baridi ng'ambo ya bahari, wakalima pamoja na kula pamoja. Kule, katika kijiji kimoja, vitu vyao vimehifadhiwa ndani ya nyumba: vijiko vya mbao, jiko kubwa la mkate, kitanda cha kufumia nguo, na mezani mkate, chumvi na mtungi wa maji. Maître alitembeza kijitabu kile nyumba hadi nyumba. Watu wa Meza Moya walizitazama zile sura nyeupe zenye vilemba vya maua wakacheka, kisha wakasogea karibu. "Angalia," Mama Yuditi aliniambia, akiweka kidole chenye masizi juu ya picha ya meza ndefu. "Bako kama shiye." Wako kama sisi, alimaanisha. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekisoma. Tulitosheka na picha.

Basi jengo la jiko likawa makumbusho. Sehemu ya mbele tulipanga vitu vya mababu kwenye mbao, sehemu ya nyuma Mama Yuditi akaendelea kupika, na hakuna aliyeona kasoro. Mimi niliandika kadi. Zilitoka katika ofisi moja ya mjini iliyokubali kutusaidia, na zilikuwa zimechapishwa tayari na mistari minne: jina la kitu, umri wake, kazi yake, na mwenye kitu. Mistari mitatu ya kwanza ilinipa raha. Wa nne ulinishinda siku ya kwanza tu, tena kwenye kitu cha kwanza.

"Hii mwiko iko ya nani, mama?"

"Iko ya meza," alisema Mama Yuditi.

"Lakini karatasi inaomba jina ya muntu."

"Basi uache fasi wazi."

Nikaacha wazi. Niliacha wazi kadi arobaini, zikaenda mjini, zikarudi zote. Ofisi haikupokea kadi yenye nafasi tupu. Maître alinipa nirudie, akasema ni mambo ya makaratasi tu, hayabadilishi kitu. Nami nilitaka sana kadi zangu zikubaliwe. Hiyo ndiyo sababu yote, sitaitafutia nyingine. Nilipotembea mara ya pili sikuuliza tena kitu hiki ni cha nani. Nilibuni swali langu mwenyewe na nikalionea fahari: kama kitu hiki kingekuwa cha mtu, kingekuwa cha nani?

Wa kwanza kujibu alikuwa papa Kalenga. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke wa mdomo mwepesi na watoto watano, fundi wa kuezeka nyasi. Nilimuuliza juu ya chungu kikubwa. Alijikuna shingo, akatazama upande wa jiko ambako Mama Yuditi alikuwa akipepeta unga.

"Kama ni vile unauliza, baba yangu njo aliikokota toka Kasenga. Siku mbili ku njia."

"Niandike jina yako?"

"Kama ni lazima jina, andika."

Niliandika. Kalenga, Floribert. Herufi zilikaa vizuri sana. Mama Yuditi, ambaye kwa miaka thelathini hakupita siku bila kukisugua chungu kile, hakugeuka. Aliendelea kupepeta. Nilipomfikia yeye na swali langu, alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, akasema kila nitakachomwonyesha nitie neno lile lile, meza. Meza haikuwa jina la mtu. Kwa hiyo katika kadi mia moja na kumi na mbili nilizoandika mwaka ule, jina la Yuditi halimo.

Sikuona madhara upesi. Kwanza yalikuja kama maneno ya pembeni. Nikiwa chumbani nyuma ya jiko, nilikuwa nikiwasikia wanawake wakichambua maharage upande wa pili wa ukuta. "Sahani ya mama yangu baliiandika kwa jina ya Odia." "Ile sahani tulikulaka bote." "Ni vile. Lakini karatasi iko na jina moya tu." Baada ya juma, sahani ile haikuwa kwenye ubao wa makumbusho. Ilikuwa chini ya kitanda cha Odia, mama mmoja wa pale kijijini. Kisha jembe. Kisha kinu. Mke wa Kalenga akasema chungu chao kinachakazwa bure kwa kupikia watu wote, na ingawa Kalenga alimkaripia mbele yetu, niliona namna alivyokiangalia chungu jioni ile. Asubuhi kuinamiana kuliendelea, ila watu waliinama haraka, nusu nusu. Msimu wa mvua ulipoanza, mafiga ya kwanza yalionekana nyuma ya nyumba ya Odia. Alisema mtoto anaharisha na anahitaji uji wake peke yake. Hakuna aliyemwuliza neno. Mwezi uliofuata nyumba zenye mafiga zilikuwa nne.

Siku moja nilimkuta Mama Yuditi amesonga bukari ya watu themanini kama kawaida, na waliokuja ni kama hamsini. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia niende niwaite. "Bache," akasema. "Muntu haitwake ku meza yake." Akafunika kilichobaki. Nilikuwa na hasira na Odia, na mke wa Kalenga, na Kalenga mwenyewe zaidi ya wote. Wivu, niliwaita. Tamaa. Nilikuwa nimewafungulia mlango mimi, kisha nikasimama pembeni kuwashangaa wanaoingia.

Kampuni ilikuja wakati wa kiangazi. Sina la kusema juu yake, hata jina, maana hawakuwa wakali. Walikuja na kofia zao na kipaza sauti, wakasema chini ya shamba kuna shaba na watu watahamishiwa mahali pengine penye nyumba za mabati. Zamani kidogo, Maître aliniambia baadaye, mtu kama huyo angepewa jibu moja kutoka mdomo mmoja: ardhi ni ya meza, na meza haihami. Mara mbili walikuwa wamekuja wengine, kabla yangu, wakajibiwa hivyo wakaondoka kwa sababu hawakujua wazungumze na nani. Safari hii walijua. Karani wao alikuwa na nakala za kadi zangu. Ofisi ya mjini ilikuwa imempa kwa nia njema kabisa, kama orodha ya watu wa kijiji na mali zao, na kwa kweli hapakuwa na orodha nyingine. Aliingia nyumba kwa nyumba akiwa na jina la kila mmoja na maandishi ya duara yaliyosimama sawasawa. Siku ya kwanza nyumba tatu zilikubali. Siku ya nne zilibaki mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa imebaki kwa ajili ya kugombana na jirani.

Miaka mingi baadaye mwanangu wa kwanza, aliyejifunza Kiingereza, alikikuta kile kijitabu kwenye sanduku langu akanisomea. Wale Waduhobori nao walikuwa wamepewa ardhi, kisha serikali ikadai kila mwanamume aandikishe kipande chake kwa jina lake. Wengi walikataa. Waliona kwamba siku watakapoandika majina hawatakuwa tena watu wamoja. Wakanyang'anywa mashamba. Walipoteza ardhi kwa sababu walikataa kuandikwa, na sisi tuliipoteza kwa sababu niliwaandika. Mwanangu alifikiri ni habari ya kuvutia. Nilimwomba aache kusoma.

Siku ya kuhama walileta malori matatu. Karani alisimama juu ya kiti akasoma majina, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilipanda na vitu vyake. Vitu vya makumbusho navyo vilipandishwa, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na kadi na kila kadi ilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimeshika faili, nimesimama kando ya karani kumsaidia kutamka majina. Mwisho akafunga karatasi. Mbele ya jiko tupu alikuwa amebaki Mama Yuditi, ameketi juu ya furushi lake la nguo, mikono magotini. Jengo alimoishi halikuandikwa kuwa nyumba. Liliandikwa kuwa makumbusho, na makumbusho hayahami na mtu.

"Na ule mama?" karani aliuliza. "Iko wa nyumba ya nani?"

Watu walitazama kuta za lori. Karani akanigeukia mimi, kwa adabu, kama anavyogeukiwa mtu wa ofisi. "Mademoiselle, unamujua?"

"Namujua," nilisema. "Haiko ku kadi."

Nimeyafikiria maneno yale kuliko maneno yoyote niliyowahi kusema kanisani au kwa mume. Yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimelala kwenye chumba chake miezi kumi. Malaria iliponishika alininywesha uji kwa kijiko. Nyumbani kwetu Katuba kulikuwa na vyumba viwili na watu saba, nami nilikuwa naogopa uso wa mama yangu nikimletea mdomo wa nane. Ningeweza kusema ni wangu, na karani angeandika, kwa sababu alikuwa anaandika chochote alichoambiwa. Nilisema hayuko kwenye kadi.

Ndipo papa Kalenga alipoteremka kutoka lorini. Aliteremka vibaya, akijikwaa kwenye kile chungu.

"Mumuandike kwangu," alisema.

"Ni mama yako?"

"Mumuandike kwangu, nasema."

Alilibeba furushi mwenyewe. Mama Yuditi alipopita mbele yangu alisimama, akaniinamia, taratibu, mpaka chini, kama asubuhi ya kwanza. Sikumrudishia. Nilikuwa na faili mikononi.

Nilirudi Katuba, nikapata kazi ya karani shuleni, nikaolewa, nikazaa. Mahali pale palipohamiwa hapakudumu. Watu walitawanyika mmoja mmoja, wengine Kasomeno kwenye biashara ya samaki, wengine mjini. Maître alifariki bila kurudi kijijini. Mwaka wa tisa au wa kumi nikiwa sokoni nilimwona Mama Yuditi akichagua matamba, majani ya muhogo, amezeeka, ameshikwa mkono na msichana ambaye sasa najua alikuwa Natalia. Aliinua macho. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko, nikapita nyuma ya wauza chumvi. Nilikaa na desturi ya kwenda sokoni kwa barabara ya mbali tangu siku hiyo. Watoto walilalamika kwamba tunazunguka, nikawaambia ile nyingine ina matope.

Nimerudi kutoka mazishini. Ni Alhamisi jioni. Nilikaa kwenye mkeka tangu asubuhi na sikulia, jambo ambalo wanawake waliliona. Kutoka Meza Moya walikuja watu kumi na mmoja, wengine sikuwatambua. Hawakuinamiana. Walisalimiana kwa mkono kama watu wa mjini, wakaulizana watoto.

Mzee Kalenga alikuwa kwenye kiti karibu na ukuta, macho yamefunikwa na ukungu, miguu imevimba. Nilimwogopa kuliko marehemu. Nilipiga goti mbele yake, akanishika mkono, akaupapasa.

"Ni weye, Melani wa makaratasi."

"Ni miye, papa."

"Ulikuwa unajua kama anaikala hapa?"

Ningeweza kusema hapana. Haoni uso. "Nilikuwa najua," nilisema. "Tangu zamani."

Alitikisa kichwa bila hasira. "Na yee alikuwa anajua kama unajua. Alikuonaka ku soko. Natalia alitaka kukuita, akakatala. Akasema, mumuache, atakuya yeye mwenyewe. Kila mwaka tulikuwa tunamuuliza, na kila mwaka anasema vile: atakuya." Alitafuta pumzi. "Halafu kisha akaacha kusema."

Nilimuuliza ni lini aliacha. Nilitaka mwaka, nilitaka mwezi. Nilitaka kujua nilikuwa nafanya nini siku hiyo, kama nilikuwa njiani kwenda sokoni kwa barabara ya mbali, au nimeketi nyumbani na sahani mbele yangu. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, akijitahidi kwa uaminifu kunisaidia, akiwa bado ameushika mkono wangu wa kuandikia.

"Hatukuandika," akasema.